Kipeuo Kilichogeuka Sufuri

Mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi, na katika insha nimeitumia mara nyingi ili nijipatie alama tu, lakini maana yake hasa sikuijua hadi mwaka huu. Mwiba wangu haukuwa wa mgunga, ingawa huku kwetu Samburu miiba imejaa kila pembe. Ulikuwa alama ndogo ya hesabu, ndogo kuliko punje ya mtama. Na mguu ulioota tende haukuwa wangu. Ulikuwa wa rafiki yangu.

Mpenzi msomaji, Chama cha Kiswahili kilituomba tuandike jambo lililotupata mwaka huu. Wenzangu wameandika juu ya safari, ukame na mitihani. Mimi nitaandika juu ya kosa langu. Wengine mtashangaa kuona hesabu ndani ya jarida la Kiswahili, lakini mkinivumilia hadi mwisho mtaona kuwa hata sisi wa Kiswahili jambo hili latuhusu.

Wengi wenu mnajua kwamba mjomba wangu ana kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na barabara kuu. Jioni nikitoka shule hupitia pale kumsaidia kabla ya kwenda nyumbani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchapa, na sasa naweza kuchapa barua nzima bila kutazama kibodi. Sitaficha, nilikuwa najivuna sana kwa hilo.

Muhula wa kwanza ulipokaribia kwisha, mwalimu wetu wa hisabati aliniita ofisini. Alikuwa ameandika kwa mkono maswali ya likizo, maswali ishirini yenye alama 50 kwa jumla.

"Nasikia wewe ni fundi wa kompyuta," akaniambia. "Hebu nichapie haya. Nataka herufi za aina moja mwanzo hadi mwisho, Times New Roman, ukubwa wa 12. Si kama ile kazi ya mwaka jana iliyokuwa na herufi kama madoadoa ya kanga."

"Sawa, Mwalimu," nikajibu, nikatoka nikiwa kichwa juu.

Kuchapa maneno hakukunisumbua. Kazi ilikuwa kwenye alama. Kibodi ya kompyuta ina alama ya kujumlisha, ya kutoa na ya sawasawa, lakini haina kipeuo cha pili, ile alama √ ambayo darasani sisi huiita ruti. Haina ≤ wala ≥, wala haina pai ya duara. Basi nikamuuliza mjomba.

"Tazama ukutani," akaniambia.

Ukutani kuna karatasi iliyobandikwa miaka mingi, imeshageuka rangi ya chai. Mjomba aliiandika alipokuwa akichapa mitihani zamani. Inasema: badilisha fonti, yaani mtindo wa herufi, uweke ile iitwayo Symbol. Kisha ukibonyeza herufi p utaona π. Ukibonyeza alama ya pauni ya Kiingereza, £, utaona ≤. Ukishikilia Alt na kuandika 0179 utaona ≥. Ukiandika 0214 utaona √. Nikajaribu, na kweli! Kila nilipobonyeza, alama ilitokea kwenye skrini kama kwamba mtu aliyekuwa ndani ndiye aliyeniandikia. Nilimaliza kazi ikiwa safi inapendeza.

Jioni ya pili nilikuwa natoa nakala. Stima ilikuwa imepotea mara mbili siku hiyo na mjomba alikuwa ananihimiza tumalize kabla haijapotea tena. Nilipokuwa tayari kuchapisha nikakumbuka maneno ya mwalimu: herufi za aina moja mwanzo hadi mwisho. Nikaona ngoja nihakikishe. Nikachagua kazi yote kwa mpigo mmoja, nikaigeuza yote kuwa Times New Roman, nikabonyeza kuchapisha. Sikutazama tena. Malori yalikuwa yananguruma barabarani kwenda Nairobi, fotokopi nayo inanguruma ndani, nami nikapanga karatasi, nikazifunga kwa kamba, nikaenda zangu nyumbani.

Siku ya kufunga shule kila mwanafunzi wa darasa letu alipewa nakala yake. Mimi sikuchukua. Nilikuwa nazo zile karatasi za mwalimu zilizoandikwa kwa mkono, nikaona nakala zisije zikapungua, acha nifanye kutoka hizi. Huo ndio ulikuwa upofu wangu. Likizo nzima niliyafanya maswali kutoka kwa mwandiko wa mwalimu, sikuwahi kuuona uovu uliotoka mikononi mwangu.

Tulipofungua, mwalimu alikusanya madaftari, na baada ya wiki moja akaingia darasani uso umekunjamana. Nilikuwa nimepata 44. Aliyenifuata alikuwa na 31. Wengi walikuwa chini ya 25. Rafiki yangu, ambaye tumeketi dawati moja tangu tujiunge na shule hii, alikuwa na 17.

"Mmecheza likizo nzima!" mwalimu alinguruma. "Maswali mengine hamkuyagusa kabisa. Mwenzenu huyu mbona ameweza? Yeye ana vichwa viwili?"

Darasa zima likanigeukia. Mimi nikainamisha kichwa kwa haya, lakini moyoni nilikuwa nafurahi. Nasema kweli ili mnijue nilivyokuwa.

Jioni tulitoka pamoja na rafiki yangu. Yeye hutoka upande wa Chengoni, na asubuhi huanza safari giza halijapambazuka. Alikuwa kimya mwendo mrefu. Kisha akasimama, akatoa karatasi ya maswali mkobani, imekunjwa mara nne, akanionyesha kwa kidole.

"Hebu niambie, hii alama ni gani? Tulifundishwa siku gani? Kwani mimi sikuwa darasani?"

Nikatazama. Mwili ukanifa ganzi. Palipotakiwa kuwa na "Rahisisha √48 + √27" paliandikwa "Rahisisha Ö48 + Ö27". Palipotakiwa kuwa na 3x ≥ 12 paliandikwa 3x³12. Palipotakiwa kuwa na x ≤ 20 paliandikwa x £ 20. Karatasi nzima ilikuwa hivyo.

"Niliona ni sufuri ambayo wino umeirukia," akaendelea. "Nikasema basi ni 048 na 027, nikajumlisha nikapata 75. Na hili la pili nikaona ni x kipeo cha tatu. Nikaweka alama ya sawa katikati, nikagawa kwa tatu, nikapata x kipeo cha tatu ni 4, nikakwama. Siku mbili nilikuwa juu ya swali hili moja. Nyumbani nani nitamwuliza?"

Jibu la swali la kwanza ni 7√3, kwa sababu √48 ni 4√3 na √27 ni 3√3. Rafiki yangu alilijua sana jambo hilo. Tulipofundishwa ni yeye aliyenieleza mimi. Baadaye nilisikia kwamba mwenzetu mwingine aliona £ 20 akageuza pauni kuwa shilingi za Kenya, akaandika jibu lake kwa madaha. Tulicheka siku nyingine. Siku ile sikucheka.

Mtaniuliza, mbona hakuna aliyelalamika? Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mwanafunzi akikutana na alama asiyoijua kwenye karatasi iliyochapwa, hadhani kwamba karatasi imekosea. Hudhani ujinga ni wake. Kitu kilichochapwa tunakiheshimu kupita kiasi. Kama ningeliandika maswali yale kwa mkono wangu mbaya, wangeniuliza.

Nilitaka kumwambia palepale. Mdomo ukakataa. Nilimsindikiza hadi kwao nikitafuta maneno njiani, na tukafika nikiwa sijayapata. Mama yake alikuwa amekaa nje anapepeta mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, hesabu zimekuwaje?"

Rafiki yangu akasema. Mama akaweka ungo chini.

"Kumi na saba katika hamsini," akasema polepole. "Nimeuza mbuzi wawili ili upate pesa za chakula cha shule. Wa tatu ndiye yule pale. Kama ni hivi, heri nisimuuze. Uende Mombasa kwa shangazi yako akutafutie kazi ya nyumbani, angalau uwasaidie wadogo zako."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua itapoa. Alisema kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake.

Wenzangu, nilikaa na siri ile siku nne. Nilikuwa naogopa mwalimu, naogopa darasa, naogopa kupoteza sifa ya ufundi wa kompyuta. Nilijiambia mwalimu atagundua mwenyewe. Lakini mwalimu nakala zote alizigawa, na kwake alikuwa na majibu yake tu. Siku ya tano rafiki yangu hakuja shule. Nikahisi moyo unanipasuka.

Jioni hiyo nilimwendea mjomba nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alifungua ile kazi kwenye kompyuta, akaitazama, kisha akachukua kile kipande cha π kilichogeuka p, akakirudisha kwenye fonti ya Symbol. Papo hapo ikawa π tena. Akaigeuza Times New Roman, ikawa p.

"Unaona?" akasema. "Ulichoandika wewe siku zote kilikuwa p. Hiyo pai ilikuwa nguo tu. Ukaivua nguo."

Kisha akaniuliza kama nakumbuka kisa cha mzigo wake. Zamani alituma mtu aliyekuwa Nairobi amletee vipuri vya mashine kwa gari, akamwambia aandike juu yake "Samburu". Mzigo ukaenda Maralal, kaskazini kabisa, kwa Samburu wenzetu wa jina. Ulirudi baada ya wiki tatu. Nanyi nyote mnajua adha hii. Ukienda mbali ukisema unatoka Samburu, watu hukuuliza shanga zako ziko wapi, ilhali sisi ni wa Kwale. Jina ni moja, mahali ni pawili.

"Kosa halikuwa la dereva," mjomba akasema. "Mimi ndiye niliyetoa jina lisilotosha. Ungeandika namba ya posta, ya kwetu inaanza na 80, ya Maralal inaanza na 20. Hakuna wa kuzichanganya."

Kesho yake asubuhi kabla ya gwaride nilikwenda ofisini. Magoti yalikuwa yananigongana. Nikamweleza mwalimu wa hisabati yote, nikamwonyesha nakala ya rafiki yangu na karatasi zake za mwandiko, moja kando ya nyingine. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Tangu Jumatatu, Mwalimu."

"Basi la alama nimekusamehe," akasema. "La siku nne tutazungumza."

Na tulizungumza. Sitaandika yote hapa, ila nilifagia ofisi ya walimu kwa wiki mbili na naona nilistahili. Mwalimu wa fizikia, ambaye ndiye hushughulika na kompyuta ya ofisi, alisikia mazungumzo yetu, akavuta kiti. Yeye ndiye aliyenieleza jinsi mambo yalivyo, na maelezo yake ndiyo nataka kuwapa nanyi, maana leo kila mtu ana simu na kila mtu anaandika.

Alisema kompyuta haijui herufi wala alama. Inajua namba tu. Kila unachobonyeza huwekwa ndani kama namba, na fonti ni kama mchoraji anayeambiwa, "Nichoree namba fulani." Mwaka 1963 Wamarekani walipatana juu ya orodha moja ya namba hizo, iitwayo ASCII. Ilikuwa na nafasi 128 tu, za herufi za Kiingereza, tarakimu, na alama chache. Kipeuo hakikupata nafasi. Baadaye nafasi ziliongezwa hadi 256, na herufi za Ulaya zikaingia: namba 163 ikawa £, namba 179 ikawa ³, namba 214 ikawa Ö. Waliotaka alama za hesabu wakatengeneza fonti ya Symbol inayotumia namba zizo hizo kwa michoro mingine. Ndani ya Symbol, 163 ni ≤, 179 ni ≥, 214 ni √, na 112, ambayo ni p, ni π. Kwa hiyo namba moja ina maana mbili, kama Samburu. Fonti ikibadilika, au hati ikifunguliwa kwenye mashine isiyokuwa na Symbol, mzigo unakwenda Maralal.

Dawa yake ipo, na si ya jana. Inaitwa Unicode, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Nia yake ni kwamba kila herufi na kila alama ya dunia ipewe namba yake peke yake, isiyoshirikiana na nyingine. Leo zimo alama zaidi ya 150,000. Namba zenyewe huandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, ambao baada ya 9 huendelea na A hadi F. Kipeuo cha pili ni 221A. Tuliipiga hesabu pamoja ubaoni: 2 mara 4096, ongeza 2 mara 256, ongeza 16, ongeza 10, jumla 8730. Hiyo ndiyo namba ya kipeuo, na fonti yoyote iliyo nacho itachora kipeuo. Fonti isiyo nacho itachora kisanduku kitupu, lakini haitachora Ö. Na kisanduku kitupu ni afadhali, kwa sababu kila mtu atajua pana kitu kimekosekana.

Katika Word, andika 221A kisha ubonyeze Alt pamoja na X, nayo itageuka √. Vivyo hivyo 2264 ni ≤, 2265 ni ≥, 2260 ni ≠, na 03C0 ni π. Kwenye simu nyingi √ na π zimo katika ukurasa wa pili wa alama. Nimeziandika namba hizi kwenye karatasi mpya, na mjomba ameniruhusu niibandike ukutani. Ile ya zamani hakuiondoa. Ameandika juu yake kwa wino mwekundu: "Hatari."

Lakini hata kipeuo kilicho sahihi kina mtego wake. Kwa mkono sisi huchora kijiti kirefu juu ya namba zote zilizo ndani. Alama ya kuchapa peke yake haina kijiti hicho. Mwalimu alisema hata Christoff Rudolff, Mjerumani aliyeitumia alama hii katika kitabu chake cha mwaka 1525, hakuweka kijiti. Ni Descartes wa Ufaransa aliyeziunganisha mwaka 1637. Kwa hiyo ukichapa √16 + 9, msomaji atapata 4 ongeza 9, yaani 13. Kama ulikusudia vyote viwe ndani, lazima uweke mabano: √(16 + 9), ambayo ni 5. Kumi na tatu na tano si ndugu.

Siku hiyo hiyo nilichapa upya maswali yote yaliyoharibika. Safari hii nilitoa nakala moja kwanza, nikamwomba mwenzangu asome kwa sauti kutoka kwenye mwandiko wa mwalimu nami nikifuata kwa kidole kwenye iliyochapwa, swali kwa swali. Tulipata kosa moja zaidi, alama ya kutoa iliyoruka. Mwalimu akalipa darasa siku mbili kuyafanya tena.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko ofisi. Nilikwenda Chengoni. Mama ya rafiki yangu alinisikiliza huku mikono iko kiunoni. Yeye hesabu za kipeuo hakusoma, nikatafuta namna.

"Mama, ni kama mtu aandike mbuzi, karatasi itoke mbuyu. Mwanao aliambiwa ahesabu mbuzi, akapewa mbuyu. Si kosa lake."

"Na aliyeandika mbuyu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Alinitazama hadi nikatazama chini. Kisha akamwita bintiye ndani, akamwambia akafue sare, kesho ni shule. Kwangu mimi hakuongeza neno, ila wakati wa kuondoka alinipa maji ya kunywa, nami nikayanywa yote.

Rafiki yangu alipata 33 baada ya kusahihishwa upya. Mimi 44 yangu ilibaki 44, lakini haikuwa na ladha tena. Wiki mbili hakusema nami zaidi ya lazima. Nilidhani ni kwa sababu ya zile alama, nikamwomba radhi tena kwa hilo. Akaniambia, "Kukosea kuchapa hata mimi ningekosea. Mbona ulinisindikiza hadi nyumbani ukamsikia mama, ukanyamaza?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Sasa tumerudi kuwa kama zamani, au karibu na zamani. Yule mbuzi wa tatu aliuzwa mwanzoni mwa muhula huu.

Nilisema kuwa jambo hili latuhusu sisi wa Kiswahili. Mkichapa neno ng'ombe mashine nyingi hukibadilisha kile kijialama cha juu, na kuweka kilichopinda. Hicho kilichopinda, kama √, husafirishwa kwa namba tatu zinazofuatana. Mpango huo wa kusafirisha huitwa UTF-8. Waliubuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, na inasemekana waliuchora kwenye karatasi ya kuwekea sahani wakiwa mkahawani huko New Jersey. Mashine inayopokea ikizisoma namba zile tatu moja moja kwa orodha ya zamani, ng'ombe wetu anatoka "ngâ€™ombe", nacho kipeuo kinatoka "âˆš". Mkiona takataka za namna hiyo, msidhani ni kirusi wala uchawi. Mzigo umekwenda Maralal tu. Mwambieni aliyewatumia.

Ndiyo sababu nimewaomba wahariri wa jarida hili kwamba, kabla ya kuchapisha nakala zote, watoe moja kwanza, waisome na kuilinganisha na mwandiko wangu. Na wewe msomaji, ukiona mahali popote katika insha hii pameandikwa Ö pasipo maana, usidhani ni wewe usiyejua. Njoo uniulize. Niko dawati la pili kutoka dirishani, kando ya yule aliyepata 33.